Betri Haifi Ghafla

Fundi wa sola hapa Uganda huitwa taa zikishazimika. Akifika hana la kutibu, ni kuzika tu. Betri ilikuwa ikidhoofika wiki nyingi, na vipimo vyake vingeonyesha hivyo kama vingeandikwa.

Chukua kituo cha afya chenye betri nne za volti 12, zilizofungwa mfululizo kulisha inveta ya volti 48. Kupima kila betri kwa multimita asubuhi, kabla jua halijapanda, ni kazi ya dakika chache. Hata penye daftari, swali linaloulizwa ni moja: je, volti zimeshuka chini ya kikomo? Ukisubiri jibu la swali hilo, umechelewa.

Njia ya kuona mabadiliko mapema ipo: chati za udhibiti, yaani grafu ya vipimo yenye mistari ya tahadhari, alizozianzisha Walter Shewhart huko Marekani mwaka 1924. Kwa kawaida mistari yake huwekwa mikengeuko sanifu mitatu juu na chini ya wastani; mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi vipimo vinavyotawanyika kuuzunguka wastani. Vipimo vikifuata mgawanyo wa kawaida (vingi karibu na wastani, vichache mbali) na visipotegemeana, kifaa kisicho na hitilafu kitavuka mistari hiyo kwa bahati mara moja katika vipimo 370 hivi. Ukipima kila asubuhi, hiyo ni kengele moja ya uongo kwa mwaka. Si mbaya. Lakini wastani ukihama kwa mkengeuko mmoja tu, chati hiyo huhitaji vipimo 44 hivi kugundua.

Mwaka 1954, mwaka uleule bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa Jinja, Mwingereza E. S. Page alichapisha njia nyingine: usiiangalie tofauti ya leo peke yake, ijumlishe na za nyuma. Kila siku unapunguza nusu mkengeuko ili mitikisiko midogo isirundikane, na jumla ikifika mikengeuko mitano unamwita fundi. Hitilafu ileile hunaswa kwa vipimo kama 10. Hesabu hiyo mwanafunzi wa sekondari anaimudu.

Watu wataniambia kuhusu mvua, na ni kweli. Mawingu ya Aprili hushusha betri zote, na asubuhi ya leo hurithi mawingu ya jana. Ndiyo maana mimi sipendi kuilinganisha betri na jana yake. Ilinganishe na wenzake watatu: wamekula jua lilelile na kubeba mzigo uleule. Tofauti yake na wastani wao ndiyo ya kujumlisha. Mvua ikiwashusha wote, sehemu kubwa ya athari yake inajifuta. Mmoja akianza kubaki nyuma peke yake, huyo ndiye mgonjwa, na asipoondolewa mapema ataisha chaji kabla ya wenzake kila usiku hadi aharibike kabisa.

Sasa tunauziwa mifumo ya akili bandia ya kutabiri hitilafu, yenye malipo ya kila mwezi. Sina ugomvi nayo pale penye mitambo mamia. Kwa betri nne, mkataba wa kufunga sola ungedai kwanza daftari la vipimo vya miezi mitatu ya mwanzo, betri zikiwa bado mpya. Bila hivyo, wastani na mkengeuko wa kuanzia tutautoa wapi?