Kula Si Lazima

Jamani, nisikilizeni kidogo, maana nyumbani kwangu hakuna anayetaka kunisikiliza tena. Mimi ni fundi cherehani, niko Mbagala, na kwa miaka 15 hapa kijiweni hakuna aliyenifunga drafti akalala bila kuwahadithia jirani. Vizibo vya soda vinanijua kwa jina. Sasa mwanangu Iddi, mtoto wa miaka 12, akaniwekea sataranji, ile wanayoiita chess, kwenye simu, nicheze na watu wa nchi za mbali. Akasema, "Baba, utaiweza tu, ubao ni uleule wa nyumba 64."

Ubao kweli ni uleule. Lakini kwenye drafti kula ni lazima! Ukiona cha kula unakula, huulizi kimetoka wapi. Mkono wangu umelelewa hivyo. Kule kwenye simu kula ni hiari, na hapo ndipo mkosi wangu ulipolala. Mtu ananiletea askari wake mdomoni, namla. Ananiletea farasi, namla. Nakula kama niko kwenye pilau la maulidi, nikiinua kichwa naona mfalme wangu kashazingirwa kama kibaka sokoni. Iddi ananiambia ile inaitwa kafara. Kafara gani hiyo, nyama nakula mimi na anayezikwa ni mimi?

Wiki ya kwanza nilifungwa kwa hatua 4. Nne! Kuna askari mmoja anakaa mbele ya askofu wa upande wa mfalme, mwanzoni hana mlinzi mwingine isipokuwa mfalme mwenyewe. Basi malkia wao na askofu wao wakaja kugonga mlango uleule. Jioni moja nimefungwa hivyo mara 5, na watu watano tofauti, bendera tano tofauti. Nikajua tu wamepigiana simu.

Halafu kuna yule Mbrazili. Askari wangu katoka nyumbani, karuka nyumba mbili kwa heshima zake, kasimama ubavuni kwa askari wa Mbrazili. Yule bwana akasogeza askari wake kwenye nyumba tupu, nyuma ya wangu, na wangu akapotea. Nikabonyeza kitufe cha malalamiko nikaandika: WIZI. Iddi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kumbe ni halali kabisa: ukiruka mbili ukampita askari wa jirani, hatua inayofuata jirani ana ruhusa ya kukula kana kwamba uliruka moja. Akichelewa hatua moja, haki imekwisha. Mimi hapa mtaani nina majirani wa aina hiyo, lakini angalau hawa nawajua sura.

Siku ya Ijumaa nikasema leo ni yangu. Nina malkia wawili, mwenzangu kabaki na mfalme mtupu, anazurura kama mlinzi aliyefukuzwa kazi. Nikambana, nikambana, mpaka akakosa nyumba ya kukanyaga, ila hakuna kete iliyomtishia. Simu ikaandika: sare. Sare! Mtu hana mali, hana jeshi, hana pa kwenda, mimi nina wake wawili wa kifalme, tunagawana nusu kwa nusu! Mimi nikikosa pa kwenda, mwenye nyumba wangu hajawahi kuniambia tumetoka sare.

Lakini kinachoninyima usingizi ni zile alama za kupima uwezo wa mchezaji. Nilianza na 800, nikashuka mpaka 590. Nikauliza nani kabuni mateso haya, nikaambiwa ni profesa Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha fizikia Marekani, na shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, likaupokea mfumo wake mwaka 1970. Fizikia! Somo lilelile lililonitoa shuleni limenifuata mpaka kwenye benchi la kahawa. Hesabu yake ni kwamba ukimzidi mtu alama 200 unatarajiwa kuvuna kama robo tatu ya pointi mkicheza. Kwa hiyo ukimshinda mnyonge unapewa makombo, akikushinda yeye unavuliwa hadi shati.

Na ukijitahidi ukapanda, unapewa zawadi gani? Unaletewa mkali zaidi! Miezi minane nimejifunza kulinda, nimejifunza kutoa farasi mapema, nimefika 640, na bado katika kila michezo miwili nafungwa mmoja. Kijiweni mtu una wateja wako wa kudumu. Mzee Kombo nimeanza kumfunga binti yake hajaolewa, leo ana wajukuu na bado namfunga. Huo ndio ustaarabu.

Kazini nako kumeharibika. Mteja kaja kuchukua suruali, nikamwambia subiri, nimebakiwa na dakika 2 na sekunde 14. Akanionyesha kuwa mfuko wa nyuma nimeushona mbele. Usiku Mama Iddi ananiamsha: "Unaongea na nani?" Namwambia, na farasi. Sasa hivi analala na mtoto. Na mchezo pekee ambao nilikuwa naushinda waziwazi, bando liliisha. Saa ya mchezo haijui habari za bando, ikaendelea kuhesabu mpaka nikafungwa nikiwa njiani kwenda kununua vocha.

Jana nikasema basi, narudi kwenye vizibo vyangu. Nikakaa mbele ya Mzee Kombo, watu wakajaa, kahawa ikamiminwa. Hatua ya sita mzee akanisogezea kete moja hivi, peke yake, haina mlinzi. Nikaitazama. Nikashika kidevu. Nikaanza kuhesabu hatua tatu mbele kama nilivyofundishwa na Iddi.

"Baba Iddi, kula."

"Subiri mzee, hii inanuka kafara."

"Inuke isinuke, hapa kula ni lazima!"

Benchi zima likapiga kelele: kula! Nikala. Mzee Kombo akavuta kikombe, akanywa funda moja taratibu, akaniruka kete tatu kwa mkupuo na kuingia king.

Nasikia jana hiyohiyo amempigia simu binti yake.