Supamaketi zetu zituandikie bei ya kilo

Kila mwezi unapokaribia kuisha, swali ni lilelile kwenye magrupu ya akina mama: jamani, supamaketi gani Dar ina bei nafuu? Majibu hayakawii. Mmoja anaapa kwa ile ya Mikocheni, mwingine anasema achaneni na supamaketi, nendeni Kariakoo mkanunue jumla, wa tatu anatuma picha ya risiti kuonyesha kwamba yeye ndiye anayejua mji. Nimekuwa nikiandika bei kwenye daftari kwa muda mrefu, maana fedha ya nyumbani kwangu naipanga mwenyewe na haina pa kujinyoosha. Msimamo nilioufikia ni huu: duka la bei nafuu halipo. Ipo sukari ya bei nafuu hapa, sabuni ya bei nafuu pale, nyanya ya bei nafuu kule. Na hata hapo huwezi kujua mpaka umeangalia kipimo. Tunalinganisha shilingi, kumbe kinachochezewa ni gramu.

Chukua sabuni ya unga. Rafu moja, paketi mbili za kampuni mbili tofauti zimesimama bega kwa bega, urefu mmoja, upana mmoja. Hii 4,900, hii 4,500. Mkono unakwenda wenyewe kwenye ya 4,500. Sasa geuza paketi usome chini kabisa, pale penye maandishi madogo ambayo mama yangu hawezi kuyasoma bila miwani. Ya 4,900 ni kilo 1. Ya 4,500 ni gramu 850. Ukipiga hesabu, kilo ya hiyo uliyoiona nafuu inakaribia 5,300. Umetoka dukani ukiamini umeokoa 400, na kwa kila kilo umetoa karibu 400 zaidi.

Mchele nao una lake. Sote tumelelewa tukiambiwa ukichukua mzigo mkubwa unaokoa. Nimekuta mfuko wa kilo 5 unauzwa 17,500, na pembeni yake mfuko wa kilo 2 wa mchele huohuo, kampuni hiyohiyo, 6,800. Mkubwa ni 3,500 kwa kilo, mdogo ni 3,400. Tofauti ya mia unaweza kuiona ndogo, lakini aliyenunua mkubwa amefanya hivyo kwa sababu anajibana, na hakuna kitu hata kimoja dukani kilichomwambia kwamba hesabu imegeuka. Mara nyingi mfuko mkubwa una nafuu kweli. Tatizo ni ile "mara nyingi". Unatakiwa usimame katikati ya njia, toroli za watu zikikugonga visigino, utoe simu ugawanye bidhaa moja baada ya nyingine. Nani ana muda huo, na mtoto mgongoni?

Halafu kuna bei ya kwenye rafu na bei ya kwa keshia. Kuna supamaketi moja, sitaitaja, niliona maziwa yameandikwa 3,800, mashine ikasoma 4,300. Nilipouliza, yule binti wa kaunta akanijibu kwa upole, "Samahani dada, kibandiko hakijabadilishwa." Simlaumu yeye, si yeye anayebandika. Lakini bei iliyoandikwa ni ahadi, na mteja hapaswi kulipia uzembe wa aliyesahau kubadilisha. Mimi siku hizi nasimama nikiangalia kioo cha mashine bidhaa zinavyopita, na sioni haya kurudisha kitu. Nawaomba nanyi msione haya.

Sasa twende sokoni, maana huko ndiko wengi wanakosema kuna uokovu. Kwa mboga na matunda ni kweli, na sina ubishi. Nilinunua visado viwili vya nyanya, yaani makopo ya kupimia, pale sokoni Ilala, kwa wauzaji wawili waliokaa jirani, nikaenda kuvipima kwenye mizani yangu ya jikoni. Cha 5,000 kilikuwa na kilo 2.3. Cha 5,500, ambacho mama muuzaji alikijaza mpaka kikafanya mlima kisha akaniongezea tatu mkononi akisema "na hizi za watoto, mwanangu," kilikuwa na kilo 2.8. Gawanya tena: cha kwanza kinakuja kama 2,170 kwa kilo, cha pili kama 1,960. Chenye bei kubwa ndicho kilichokuwa rahisi. Na wiki hiyohiyo nyanya za supamaketi, zilizopangwa vizuri na kunyunyiziwa maji, zilikuwa 3,600 kwa kilo.

Kwa hiyo mboga ni sokoni, ila hesabu ya nauli isiachwe nje. Nauli ya daladala kwa safari fupi ilipandishwa hadi 600 Desemba 2023, kwa hiyo kwenda na kurudi ikawa 1,200. Kwa kisado kizima cha nyanya, pamoja na vitunguu, karoti na viazi vya wiki, nauli inarudi na chenji juu. Kwa mafungu mawili ya mchicha hairudi, nenda gengeni kwako. Ukirudi na bodaboda, umemgawia mwenye pikipiki kila ulichookoa. Na masika ikishika kasi, barabara za mashambani zikajaa tope na nyanya zikaozea njiani, bei ya sokoni hupanda kwa kasi ambayo ya supamaketi haiifikii, na nimeshaona majuma ambayo pengo lote lilitoweka.

Shida ya kisado ni kwamba si kipimo. Ni kopo. Kuna lililobonyezwa ubavuni, kuna lililowekewa kitu chini, kuna linalojazwa kwa mkono mwepesi unaoacha mapengo katikati. Wakala wa Vipimo wamekuwa wakihimiza mizani badala ya makopo na ndoo, na nina hakika ndiyo njia sahihi, hata kama kuna wauzaji wanaoona wanaonewa. Mkulima naye anaumizwa na kipimo huko anakotoa mzigo. Lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu, sheria imelikataza, gunia lisizidi kilo 100, lakini mpaka leo bado linapigiwa kelele. Yaani nyanya na viazi vinaanza safari kwa kipimo kinachompunja mkulima na kumaliza kwa kipimo kinachompunja mlaji, na sisi huku tunabishana duka gani ni rahisi.

Na Mangi, mwenye kiduka cha mtaani? Hapa ndipo panaponiuma zaidi.

Watu wengi wakisikia kulinganisha bei wanamrukia Mangi kwamba ni ghali. Mimi namtetea, na pia nasema hesabu yake ilivyo. Mangi anafungua kabla ya watoto kwenda shule na anafunga mtaa ukiwa umelala. Anakuuzia yai moja, robo ya sukari, kipande cha sabuni. Ana daftari, na kwenye daftari hilo kuna majina ya watu ambao hakuna benki inayoweza kuwapa hata elfu kumi. Hayo yote ni huduma na yana gharama, ni haki alipwe. Lakini tazama mafuta ya kupima. Mtoto anatumwa na kichupa, "nipimie ya mia tano." Nilichukua mafuta ya 500 nikayamimina kwenye kikombe chenye alama, yakafika mililita 60. Hiyo ni zaidi ya 8,300 kwa lita. Chupa ya lita 1 ya mafuta ya aina hiyo supamaketi ilikuwa 6,000.

Jirani yangu anakaanga vitumbua asubuhi. Mafuta ananunua kila jioni kwa fedha aliyoipata siku ileile, kwa sababu 6,000 kwa mkupuo inamaanisha watoto hawajala. Yeye, mwenye kipato kidogo kuliko wote kwenye mtaa wetu, ndiye anayelipa mafuta ghali kuliko wote, kuliko hata mtu wa Masaki, kwa wenye nazo, anayesukuma toroli Jumamosi. Hii si habari ya uvivu wa kutafuta bei. Anaijua bei vizuri kuliko mimi. Hana tu mtaji wa kuinunua.

Kilichomsaidia ni kikoba chao, kikundi cha kuweka na kukopeshana. Walichanga wanawake watano wakanunua ndoo ya lita 20 kwa 96,000, wakagawana kwa chupa. Inakuja 4,800 kwa lita, chini ya supamaketi yoyote niliyoiandika kwenye daftari langu. Mchele wanataka kufanya vilevile, waende sokoni Tandale wachukue gunia, walipime mbele yao, wagawane. Kama kuna ushauri mmoja wa fedha ninaoutoa kwa moyo wote ni huo, na ninaomba wenye vikoba vingine wauige mapema.

Kuna hoja ninayoisikia sana kwamba supamaketi ni ghali kwa sababu ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Si sahihi sana. Nyanya, mchicha, viazi na mazao mengine ambayo hayajasindikwa yamesamehewa kodi hiyo, popote yanapouzwa. Sabuni inatozwa asilimia 18 tangu inapotoka kiwandani, na Mangi anailipa ndani ya bei anayonunulia, hata kama hakupi risiti ya VAT. Kinachobaki kutofautiana ni kodi juu ya faida ya muuzaji, ambayo ni kiasi kidogo. Ughali wa nyanya za supamaketi ni kiyoyozi, jenereta, kodi ya jengo na zile zinazoharibika zikatupwa. Hizo ni gharama halali, ila tuziite kwa jina lake.

Na supamaketi si adui. Zimekuja na kuondoka hapa: maduka ya Shoprite yalinunuliwa na Nakumatt mwaka 2014, Uchumi wakafunga matawi yao Tanzania mwaka 2015, na Nakumatt wenyewe madeni yakawaelemea wakaondoka. Masoko na akina Mangi walibaki. Lakini kitu kimoja ambacho supamaketi zilituletea nakithamini mno: bei imeandikwa, na ni hiyohiyo kwa kila mtu. Huulizwi umetoka wapi, hutazamwi umevaa nini, hupandishiwi kwa sababu umeshuka kwenye gari. Kwa bibi asiyeweza kubishana, kwa mgeni wa mji, hiyo ni heshima kubwa. (Mfuko usisahau kubeba. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019, mfuko wa dukani unalipiwa, na hiyo mia tano ya kila safari ni kitunguu.)

Ndiyo maana nazidai zimalizie kazi. Chini ya bei ya paketi iandikwe bei ya kilo au ya lita, kwa herufi zinazosomeka. Basi. Nchi za Umoja wa Ulaya zina agizo la namna hiyo tangu mwaka 1998, Australia imewalazimisha wenye maduka makubwa ya vyakula tangu 2009. Hapa kwetu tunalo tayari somo la mafuta ya gari: EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, inatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa lita, na hakuna dereva wa bodaboda asiyeijua. Angalia jinsi watu wanavyoijadili kwa uhakika, kwa sababu wote wanazungumzia lita moja.

Sisemi serikali ipange bei ya sabuni na mchele. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika ikafika 4,000 na zaidi kwa kilo, bei elekezi ilitangazwa, na bado tulizunguka maduka tukiambiwa imeisha. Bei elekezi haijazi rafu. Ninachotaka ni kidogo zaidi na hakimnyang'anyi mfanyabiashara chochote: auze kwa bei anayotaka, lakini aniambie kilo ni shilingi ngapi. Tume ya Ushindani ina jukumu la kumlinda mlaji, Wakala wa Vipimo wana jukumu la kipimo. Wakae pamoja waanze na maduka makubwa, yenye kompyuta.

Wenye maduka watasema ni usumbufu. Vibandiko vile vinachapwa na mashine, uzito wa kila paketi uko kwenye mfumo wao wa stoo, na kugawanya ni kazi ya kompyuta kwa sekunde moja. Kazi ambayo sasa tunaifanya sisi, kwa simu, tumesimama, na ambayo jirani yangu mwenye simu ya kitochi anaifanya kichwani baada ya siku nzima kwenye moto. Supamaketi ya kwanza Dar kuweka bei ya kilo kwenye kila kibandiko, nitahamishia manunuzi yangu yote ya dukani huko, hata kama iko Mbezi Beach na mimi nakaa Tabata, na daftari langu nitawapigia picha niwatumie kwenye kila grupu nililomo.