Si Gesi, Ni Mimi

Kabla hamjanicheka zaidi: sikujamba. Najua voisi ya yule rafiki yangu, eti nimejamba botini, imeshafika Shela na Matondoni, lakini yeye alikaa omo, mimi tezi. Alisikia neno moja tu, akaondoka nalo.

Juzi navuka kwa boti kutoka Mokowe kuja Amu (Lamu), begini mna koti langu la maabara. Kazi yangu, kwa wageni humu, ni kupima thioli, yaani kemikali za salfa, ndani ya seli hai. Unachukua chembe nyekundu za damu, unazitilia molekuli yenye elektroni mbili pweke, moja kila upande, katikati daraja la salfa, kisha unazitia kwenye mashine ya sumaku. Thioli za seli, glutathioni hasa, hulivunja daraja, na mistari kwenye skrini hupungua, ikabaki mitatu: hapo unajua thioli zimo. (Mnaosinzia amkeni, boti inang'oa.) Ila kwanza unajaribu kwa thioli ya chupa, merkaptoethanoli, inayonuka kama yai viza, na hiyo ndiyo iliyonimwagikia kotini. Mifuko ya plastiki ya kubebea ni marufuku tangu 2017, kwa hiyo nikalitia kwenye ule wa kitambaa. Msomi huyo!

Saa saba, jua la utosi, kandoni mwangu mtungi wa gesi wa kilo sita. Harufu ikapanda. Yai viza. Bibi mmoja akavuta buibui puani. Mzee akaacha kutafuna mswaki. Kisha sauti: "Gesi inavuja! Zimani sigara!"

Harufu hawakuikosea. Gesi yenyewe haina harufu. Hutiwa thioli kidogo ili pua iwahi kujua.

Nahodha akazima mashine. Kimya. Maji yanapiga ubavuni, cha, cha. Mwenye mtungi akapaka mate kwenye vali, akainama kutafuta povu. Povu hakuna, harufu ipo. Vijana wawili wakaunyanyua mtungi, mmoja anahesabu: "Moja... mbili..." Mwenyewe analia, "Nimeujaza jana, yakhe!"

Nikasimama.

"Uwacheni! Si gesi! Ni mimi!"

Boti zima likageuka. Nilitaka kuendelea na habari za salfa, wallahi, ulimi ukagoma. Bibi akanitazama kwa huruma: "Pole mwanangu. Keti tini. Umekula nini?"

Basi. Tukafika, nikashuka wa kwanza, nauli nikalipa bila kudai chenji.

Koti Mama kalianika uani. Punda wa jirani kahama kivuli.