Fizi zinazotoka damu na ini lenye mafuta

Mwambie mwenye ini lenye mafuta aende kwa daktari wa meno, atadhani umekosea mlango. Ini lake limejaa mafuta kwa sababu ya kitambi, sukari na kukaa kitako, fizi zimeingiaje?

Wazo lenyewe ni kwamba bakteria wa fizi zinazougua huchangia kuliharibu ini hilo. Wanaolipinga wana hoja. Mvuta sigara mwenye kisukari na asiyekosa soda huumwa fizi na ini kwa pamoja, bila kimoja kukiponza kingine. Tena kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito hutuliza uvimbe wa ini, na mswaki haujaonyesha uwezo huo.

Ila kuna takwimu ya Japani inayonizuia kuwakubali moja kwa moja. Mwaka 2012 watafiti walichunguza wagonjwa 150 wenye ini la mafuta lisilotokana na pombe. Porphyromonas gingivalis, bakteria mkuu wa ugonjwa wa fizi, alikutwa kinywani mwa asilimia 46.7 yao. Kwa watu 60 wasio na ugonjwa huo, alikutwa kwa asilimia 21.7. Ni zaidi ya maradufu! Hata hivyo zaidi ya nusu ya wagonjwa hawakuwa naye kabisa, kwa hiyo si yeye anayeuanzisha ugonjwa. Mimi namwona mchochezi: panya waliolishwa mafuta mengi kisha wakaambukizwa bakteria huyo, ini lao liliharibika haraka zaidi.

Na njia ya kulifikia ini ipo. Kwa siku tunameza mate yanayofika lita moja hivi, pamoja na bakteria waliomo. Wengi huuawa na tindikali ya tumbo. Wanaopenya huweza kuvuruga utumbo na kulegeza ukuta wake, na sumu iliyo kwenye kuta za bakteria hao ikasombwa na damu inayotoka utumboni moja kwa moja hadi kwenye ini. Fizi zenye vidonda nazo ni mlango wa kuingilia kwenye damu.

Mwaka 2022, Japani hiyohiyo, jaribio la wagonjwa 40 lilionyesha kuwa waliokwanguliwa ukoga hadi chini ya fizi walishuka zaidi kipimo cha ALT, kimeng'enya kinachopanda kwenye damu ini linapoumia, kuliko waliopiga mswaki tu. Ni watu wachache, kwa wiki 12, ilhali kovu la ini hujengeka kwa miaka. Simwandikii mtu kukwanguliwa meno kama dawa ya ini. Lakini daktari aliyekwisha kumpima mgonjwa kiuno, sukari na mafuta ya damu, kumwambia afungue kinywa kunamgharimu nini?