Wingi wa CMV kwa mtoto mchanga: namba inaeleza kiasi gani?

Mtoto akizaliwa na virusi vya CMV (saitomegalovirusi, jamii ya herpesi) vilivyomwingia akiwa tumboni, majibu ya maabara huweza kuja na namba: nakala elfu kadhaa za virusi kwa mililita ya damu. Mzazi anataka kujua kama ni nyingi au chache. Aliyezoea habari za VVU hudhani huku nako mambo ni yale yale, wingi ukiwa mdogo mtoto amenusurika. Si rahisi hivyo.

Wanaotetea kipimo hiki wana hoja nzito. Kati ya watoto wanaozaliwa na CMV bila dalili yoyote, asilimia 10 hadi 15 hupoteza usikivu, wengine miaka kadhaa baadaye. Tafiti zimeonyesha kwamba katika kundi hilo, wenye virusi vichache kwenye damu hawapatwi sana na tatizo hilo. Kwa familia iliyokosa usingizi, hiyo ni nafuu ya kweli.

Namba kubwa ndiyo inayoleta utata. Watoto wengi wenye virusi vingi hukua wakisikia vizuri, na wapo wenye virusi vichache wanaopoteza usikivu. Hata kwa waliozaliwa na dalili, kama kichwa kidogo, ini na wengu kuvimba au vidoa vya damu kwenye ngozi, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kuwa wingi wa virusi kabla ya dawa haubashiri hatima ya mtoto kwa kiasi cha kumfaa daktari. Sishangai. Madhara makubwa ya ubongo na sikio mara nyingi hutokana na maambukizi ya mwanzoni mwa ujauzito, ilhali damu inachotwa miezi mingi baadaye.

Isitoshe, plazma (majimaji ya damu yaliyotenganishwa na seli) na damu nzima hazitoi namba moja, na maabara mbili zinaweza kutofautiana. Mkojo na mate navyo hubeba virusi vingi mno kwa muda mrefu, hata kwa mtoto asiye na tatizo lolote, kwa hiyo kazi yake ni kujibu ndiyo au hapana kama mtoto ana CMV. Jibu hilo lina thamani kuliko namba, mradi sampuli ichukuliwe ndani ya siku 21 tangu kuzaliwa. Zikipita, huwezi kujua kwa uhakika kama virusi ni vya tumboni au vya baadaye. Pamba ya mate ipitishwe ndani ya shavu angalau saa moja baada ya kunyonya, maana maziwa ya mama yanaweza kuwa na CMV, kisha mkojo uthibitishe.

Kwa maoni yangu, namba ndogo isifute hata miadi moja ya kupima masikio.

Kwenye matibabu ndipo namba inapojipatia nafasi. Valgansiklovia, dawa ya kuzuia CMV isizaliane, hutolewa mara mbili kwa siku kwa miezi 6, na virusi hushuka, kisha hupanda tena dawa ikisimamishwa. Kupanda huko kunatarajiwa, hakumaanishi tiba imeshindwa. Lakini visiposhuka mtoto akiwa bado anameza dawa, daktari aulize: je, dozi imeongezwa kadiri uzito ulivyopanda? Dawa inamezwa au inatemwa? Au virusi vimekuwa sugu? Wakati huohuo aangalie neutrofili, seli nyeupe za damu ambazo dawa hii huzishusha, kwani zikipungua mno huenda akalazimika kuisimamisha kwa muda.