Siku kababu za mama mkwe ziliposingiziwa

Kwanza niseme kabisa, hesabu zangu zilikuwa sahihi. Watu wakihadithia hii kitu kwenye harusi hapa Columbus, Ohio, wanarukia moja kwa moja kwenye harufu, hesabu hakuna anayezitaja, na mimi zinaniuma.

Nina Mustang ya 1995, V8 lita 5.0, ilitoka kiwandani na nguvu ya farasi 215, sasa hivi sijui wamebaki wangapi, wengine nadhani tulishawazika. Nikaifunga naitrasi ya mtumba, ile ndogo kabisa ya kuongeza farasi 75. Kwa asiyejua, naitrasi ndio gesi ileile ya daktari wa meno, ila ya magari wameitia salfa dioksidi makusudi ili mjanja asiivute, na yenyewe haiwaki hata kidogo, kazi yake ni kubeba oksijeni tu, kwa uzito kama asilimia 36 wakati hewa ya kawaida ina 23. Ikikuta joto la injini inaachia oksijeni yote, sasa hapo lazima uongeze na mafuta, usipoongeza injini inaanza kula pistoni zake yenyewe. Wenye akili wanachukua petroli hiyohiyo ya kwenye tangi. Mimi pampu yangu ya petroli ni mzee wa baraza, ukimwongezea kazi anakaa chini.

Sasa kazini naendesha foklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo, na foklifti zetu zinakula propeni, gesi ileile ya majiko, mtungi umelazwa mgongoni. Siku moja nabadilisha mtungi nikasimama katikati ya ghala kama nimeona malaika. Huyu hana haja ya pampu! Gesi inajisukuma yenyewe, kukiwa na joto la kawaida presha yake ni kama 110 psi, yaani pauni kwa inchi ya mraba, okteni yake, yaani uwezo wa kutojilipukia mapema ndani ya injini, inaizidi petroli yoyote ya kituoni. Nikafika nyumbani nikachukua kalamu: molekuli moja ya propeni inataka molekuli kumi za naitrasi, na tazama mambo ya Mungu, uzito wa molekuli zote mbili ni 44, kwa hiyo ni kilo moja kwa kilo kumi, hesabu ya darasa la tatu. Nikaona hii si bure.

Mtungi wa foklifti ni mali ya tajiri na mimi si mwizi. Nikaiba wa mke wangu. Ule wa jiko la kuchomea nyama, ulikuwa umekaa uani tangu Septemba, nani anachoma nyama Ohio mwezi wa pili? Nikausimamisha kwenye buti, nikaufunga na mkanda, nikavuta mpira mpaka mbele, nikaweka na solenoidi yake, valvu ya kufunguliwa na umeme. Mke wangu nilishamwapia toka Desemba kwamba mambo ya naitrasi basi, nimeyang'oa.

Likaja suala la baridi. Chupa ya naitrasi inataka presha ya psi 900 mpaka 1,000 ndio ifanye kazi, na nje kukiwa sifuri haifiki hata 500. Kuna hita zake maalumu wanauza. Lakini hela ya nini, na ndani ya nyumba kuna blanketi la umeme? Lilikuwa la mama mkwe, amekuja kutoka Tanga kututembelea, tulimnunulia wiki aliyofika maana alikuwa anatetemeka mpaka meno yanapiga ngoma. Nikasema naliazima usiku mmoja tu, nikaizungushia chupa, nikachomeka waya gereji, asubuhi geji inasoma 950. Aisee! Mama akauliza blanketi, nikamwambia liko kwenye kufuliwa. Akalala na kanga tatu na koti langu la kazini. Usiku wa pili pia.

Ijumaa jioni nikaenda kujaribu kwenye barabara ya nyuma ya maghala, hakuna mtu. Gia ya pili, nikakanyaga mpaka chini, nikabonyeza kitufe. Nusu sekunde ilikuwa raha ya peponi. Halafu PAA! Mfuniko wa chujio la hewa uliruka ukagonga boneti kwa ndani, injini ikakohoa ikazima, mzee mmoja akatoka kwenye ofisi ya walinzi mkono uko ndani ya koti, maana kule mlio kama ule hakuna anayedhani ni gari. Nikampungia mkono kama mtu anayetafuta paka wake.

Baadaye ndio nikaelewa. Mtungi wa foklifti unalala kwa sababu unatoa propeni ya maji, yaani ikiwa bado kimiminika. Wa jiko ukiusimamisha unatoa mvuke tu, na nozeli yangu niliipiga hesabu ya maji. Na juu ya hapo ile nati ya plastiki ya mpira wa jiko ina kidude ndani yake, gesi ikikimbia kuliko kawaida kinadhani mpira umekatika, kinabana. Yaani mtungi wa nyama choma ulikuwa unajaribu kuniokoa. Naitrasi imemwagika yote, propeni imekuja ya kuwashia kibiriti, PAA. Nikafunga chupa ya naitrasi nikarudi nyumbani polepole, mkono unatetemeka, na mtungi wa propeni nikausahau wazi.

Jumamosi tumealikwa pilau upande wa pili wa mji. Mama mkwe kaamka alfajiri kapika kababu za mayai, zile za yai zima limevikwa nyama ya kusaga, thelathini kwa idadi. Nje kasoro nyuzi kumi, gari ya familia betri imekufa kifo cha baridi. Mke wangu akasema si twende na Mustang. Nikatafuta neno sikulipata.

Mama akakaa mbele, sinia mapajani, mke wangu na binti yetu Zuhura wakabanana nyuma. Hatujamaliza maili mbili, harufu. Propeni yenyewe haina harufu jamani, wanaitia dawa ya kunuka ili ikivuja ujue, na aliyechagua ile dawa alichagua yai viza. Mimi nikajua palepale, ile PAA ililegeza nati. Wengine walinyamaza, kila mmoja anampa mwenzake nafasi ya kujisitiri. Zuhura miaka sita hana stara, akasema, "Bibi, umejamba?"

Mama hakujibu. Alifunua foili taratibu, akanusa kababu moja, akanusa ya pili, uso ukamporomoka. "Mayai ya nchi hii," akasema. "Mayai gani yanakaa kwenye friji wiki tatu." Mke wangu akamwambia mama mbona mimi naona kama... Mama akasema hawezi kwenda kwa watu na uozo, akashusha kioo, akazitupa. Moja moja! Thelathini! Barabara kuu, magari ya nyuma yanakwepa, na mimi mkwe mwema nimekaa kimya nashika usukani.

Nikazima hita, nikashusha vioo vyote. "Unataka kuniua na baridi?" Nikasema hewa safi ni nzuri kwa kifua, mama. Anatetemeka, hana blanketi siku mbili, hana kababu. Nikakata kulia nitafute pa kusimama, kumbe naingia kituo cha mafuta, ndio akili ikarudi, gari linavuja gesi naenda kuliegesha pembeni ya pampu, nikapitiliza na kutokea upande wa pili matairi yanalia. Nikasimama kwenye uwanja wa kanisa mtupu. "Shukeni wote." Nikafungua buti nikakimbilia valvu ya mtungi, nikabana.

Nikageuka. Mama mkwe yuko nyuma yangu. Hakuutazama mtungi, na mke wangu hapo tayari ameshautambua, amekazia macho ile stika ya Zuhura ya kipepeo. Mama alikuwa anaitazama ile chupa ya bluu, imelazwa vizuri, imefungwa blanketi lake mpaka shingoni, na waya umekunjwa juu yake kwa adabu.

Akalifungua pole pole. Akajifunika, linanuka yai viza.

"Baba Zuhura," akasema, "kumbe mkweo ni huyu."