Madumu Bilioni Tisa na Nusu, Langu Moja Halionekani

Nasema hivi: aliyechukua dumu langu alirudishe. Sitaki ugomvi, sitaki kuitwa kwa mjumbe. Mimi ni mtu mzima mwenye heshima zangu hapa mtaani, nimewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi na pesa zikatosha. Lakini dumu lile si la kuchezewa. La lita 20, la njano, mpini mzima, kifuniko chake chenyewe, halivuji hata ulilaze ubavu nyuma ya bajaji. Nimeachiwa gofu lililozibwa tako kwa sabuni ya mche na mfuko wa nailoni. Mtu anayeziba dumu kwa sabuni, akaliacha kwenye foleni na kuondoka na la mwenzake, huyo hajapitiwa. Huyo kakusudia.

Huku kwetu Goba, Dar, dumu ndilo linalokupangia foleni. Usiku unaliacha kwa mwenye kisima, unaliwekea jiwe juu upepo usiondoke nalo, unakwenda kulala. Alfajiri unalikuta limeshasogea mbele kuliko wewe ulivyowahi kusogea maishani.

Koki ya ndani sitaki hata kuizungumzia. Ukiifungua inakohoa, inatoa upepo, mita inazunguka kwa furaha, na mwisho wa mwezi simu inalia kuniambia nimetumia. Nimetumia nini? Nimepumua.

Basi leo nimefika na msuli wangu, kandambili, taulo begani, dumu hakuna. Nikakohoa. Kohozi la mtu mzima zamani lilikuwa linatosha, watoto wananyamaza, mbwa anainuka. Foleni ya maji haiogopi kohozi. Ikabidi nitumie sauti ya kikao: "Jamani, hapa palikuwa na dumu."

"Hapa yapo mia, mzee," akajibu kijana wa mpira.

Huyu kijana wa mpira ni wa rika la kitindamimba wangu, ila kwa kuwa ameshika mpira wa maji, wanaume wazima wenye vitambi na magari wanamwita Bosi. Ana kiti cha plastiki chenye mguu uliovunjika, kimetegemezwa kwa tofali, na anahukumu kutoka hapo. Akaninyooshea kidole gumba cha mguu, maana mikono ilikuwa kazini. "Alama yake?"

"La njano."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kweli, yote ya njano, yote yalianza maisha yakiwa na mafuta ya kula. Nikajirekebisha: "Lina kamba ya bluu kwenye mpini." Mama wa vitumbua akainua lake, kamba ya bluu. Kaka wa chipsi, kamba ya bluu. Yule dada wa ghorofani ambaye hasalimiagi mtu, kamba ya bluu. Kumbe duka la pale kona lilileta rola moja tu ya kamba, mtaa mzima tukafungwa nayo.

"Shahidi unaye?"

"Mke wangu."

"Mke siyo shahidi, mzee. Mke ni mtumiaji."

Hapo heshima ikaanza kunitoka kidogo. Nikatoa siri ya nyumba: ndani ya dumu langu kuna kijiko. Mtoto alikitumbukiza akiwa anajaribu kitu anachokijua mwenyewe, na hakijawahi kutoka. Ukilitikisa, linalia. Bosi akafikiri, akafunga maji, akatangaza: "Kila mwenye dumu tupu, atikise."

Wallahi nimeona mengi, lakini sijawahi kuona watu wazima alfajiri, wengine bado na mashuka, wanatikisa madumu kwa amri ya mtoto. Madumu yakitikiswa mengi namna ile yanatoa mlio wa ngoma isiyo na mwenyewe. Jogoo wa jirani aliyekuwa anawika akanyamaza asikilize. Bosi anapita kati ya mistari, kichwa kimeinama, sikio moja mbele, kama daktari wa mifugo. Tupu. Tupu. Hili lina mchanga. Hili lina mende. Akafika kwa mama mmoja, sitamtaja, ila anauza mkaa na anajijua. Dumu likalia: kring.

"Hilo hapo!" nikaruka.

"Kwani wewe peke yako ndiye mwenye mtoto?" akasema yule mama, macho makavu. "Na mimi wangu alitumbukiza kijiko."

"Kijiko gani?"

"Cha chai."

"Na changu cha chai!"

"Basi hongera."

Nikaomba kijiko kitolewe tukitambue, changu kina ua kwenye mpini. Dumu likapinduliwa, likapigwa makofi matakoni, likachokonolewa kwa waya wa ufagio. Kijiko kinachungulia mdomoni, kinaonyesha ncha, kinarudi ndani. Watu wakagawanyika. Kuna waliosema dumu likatwe, kila mmoja achukue nusu. Kuna waliosema mzee atalipwa Kiyama. Nyuma kabisa sauti ikauliza maji yanafunguliwa saa ngapi, watu wana kazi.

Katikati ya kesi yangu ndipo akajiingiza Injinia. Siyo injinia wa chuo, ni wa foleni. Kila foleni Dar ina mmoja, mwenye simu yenye kioo kilichopasuka na majibu ya kila kitu. Akasema: "Mzee, shida yako siyo dumu. Shida yako ni hifadhi ya maji. Subiri Kidunda."

Niwaambieni ukweli, neno subiri nikilisikia kwenye tumbo tupu linanipandisha mori. Lakini jamaa anajua, siwezi kumnyima. Akaeleza kwamba karibu jiji zima hili linaning'inia kwenye mto mmoja, Ruvu. Masika unafurika na maji yote yanakwenda zake baharini, Bagamoyo, samaki ambao hawana shida ya maji wanaongezewa. Kiangazi mto unasinyaa, mitambo ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inabaki inatazamana na tope, ndiyo maana mwishoni mwa mwaka 2022 jiji zima tuliwekewa ratiba ya mgao. Novemba ya mwaka ule ule mkataba wa bwawa la Kidunda ukasainiwa. Bwawa la lita bilioni 190, huko Morogoro, zege na makatapila, linashika maji ya masika halafu linayaachia kidogo kidogo kiangazi.

"Na bomba la kutoka Kidunda litapita wapi?" akauliza mama wa vitumbua, ana wasiwasi na kibanda chake.

"Hakuna bomba. Maji yatatembea na mto wenyewe mpaka kwenye mitambo."

Yule mama wa mkaa akaguna: "Yatembee peke yao mpaka Mlandizi, yasiibiwe njiani? Nchi hii?"

Mimi nilikuwa nimeshatoa simu napiga hesabu. Lita bilioni 190 ukigawa kwa 20 ni madumu bilioni tisa na nusu. Bilioni! Na hata bila bwawa: Ruvu Chini imejengwa izalishe lita milioni 270 kwa siku, Ruvu Juu milioni 196. Jumla milioni 466, sawa na madumu milioni 23 na ushei, kila siku ya Mungu. Sensa ya 2022 ilitukuta Dar watu milioni 5.3 na kitu. Gawa. Kila mtu hapa, hata kichanga kilichozaliwa jana, ana madumu manne na kidogo kwa siku, mto ukiwa mzuri. Sawa, Kibaha na Bagamoyo nanyi mmo, chukueni yenu. Lakini nyumba yangu tuko wengi, tunadai madumu ya kujaza lori. Nani anakunywa ya kwangu? Nani huyo anaoga kwa niaba yangu?

Nikaangalia foleni kwa jicho la mkaguzi wa mahesabu. Wote walikuwa wakavu.

Kesi ikaahirishwa. Bosi alisema tutaendelea kijiko kikitoka. Nimerudi nyumbani na gofu la sabuni, nusu ya maji nimemwagilia barabara, na barabara yenyewe ina mashimo hayaoti kitu.

Nyumbani nako kuna shemeji. Katoka Matombo, milimani Uluguru, amekuja kusalimia na salamu haziishi. Mtu huyu ananawa miguu kwa maji ambayo mimi nayapikia. Nikimtazama, ananiambia kwa upole: "Shemeji, Ruvu inaanzia kwetu. Haya maji nimeyaacha nyumbani, nimeyakuta hapa." Utamjibu nini? Kisheria mimi ndiye mgeni wa maji yake.

Mke wangu anataka simtanki la lita elfu tano. Nimemuuliza tutaweka nini ndani, kasema maji ya Kidunda yakija yatukute tumejiandaa. Na anataka lisimame pale chini ya mwembe, penye kiti changu. Kwa hiyo bwawa linajengwa Morogoro, anayehamishwa ni mimi.

Nilidhani yameishia hapo. Nikapita uani, nikasikia mchapuo wa maji, roho ikapaa, nikasema bomba limepasuka, tumepona. Bata watatu wamo kwenye karai, wanapiga mbizi. Kumbe mke wangu kawanunua jana. Wanaoga asubuhi, wanaoga mchana, na jioni wanabadilishiwa maji kwa sababu bata hapendi maji machafu. Nimeuliza ni wa nini hawa, nimeambiwa nipunguze sauti, ni mradi.